Maisha ya Frederick Selous, Fundi wa Kupanga Safari

Chama cha Historia cha shule yetu kimekusudia kufunga safari kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wanafunzi walipokuwa wakitazama ramani za zamani na za sasa, waliona jina moja likijirudia, nalo ni Selous, wakaniuliza mtu huyo alikuwa nani hata nchi kubwa namna ile ikaitwa kwa jina lake. Nimeona ni vema niandike habari zake hapa, ili wazazi nao wazisome kabla ya kutoa ruhusa na fedha za nauli. Tena habari zenyewe zinatuhusu sisi watu wa Msimbazi kuliko wengi wanavyodhani.

Jina lake kamili ni Frederick Courteney Selous, na husomwa Selu. Alizaliwa London siku ya 31 Desemba 1851. Baba yake alikuwa mtu mkubwa katika Soko la Hisa la mji ule, kwa hiyo nyumbani hawakukosa kitu. Angeweza kuvaa kofia nyeusi kila asubuhi akaenda kuhesabu fedha kama baba yake. Lakini kijana huyu tangu utoto moyo wake ulikuwa Afrika. Alisoma vitabu vya wasafiri, hasa habari za Livingstone, na katika shule ya Rugby alikuwa hodari wa kukusanya mayai ya ndege na kupanda miti asiyoruhusiwa kupanda. Husimuliwa kwamba usiku mmoja mwalimu wa bweni alimkuta amelala sakafuni bila blanketi, na kitanda chake ki tupu. Alipoulizwa sababu, alieleza kuwa yeye atakuwa mwindaji Afrika, naye anajizoeza kulala chini. Sisemi kwamba wanafunzi wetu wa bweni wamwige.

Mwezi Januari 1867, alipokuwa na umri wa miaka 15, lilimpata jambo ambalo lilionyesha tabia yake. Huko kwao wakati wa baridi maji ya maziwa huganda yakawa kama sakafu ya kioo, na watu hucheza juu yake. Siku ile watu wengi walikuwa wakiteleza juu ya ziwa la bustani ya Regent's Park mjini London. Mara barafu ikavunjika vipande vipande, na watu wapata 40 wakafa maji. Selous hakukimbia wala hakupiga kelele. Alilala kifudifudi juu ya kipande cha barafu, akasubiri fujo itulie, kisha akatambaa polepole kutoka kipande hata kipande mpaka akafika ukingoni.

Alishuka pwani ya Afrika ya Kusini mwezi Septemba 1871, umri wake miaka 19, na mfukoni ana paundi 400. Kwa kijana wa siku zile hiyo ilikuwa mali nyingi. Lakini safari yake ya kwanza haikupangwa vizuri, wala yeye mwenyewe hakuficha jambo hilo katika vitabu vyake. Bunduki yake nzuri iliibiwa kabla hajaanza kuwinda. Baadaye, siku moja alimfukuza twiga kwa farasi akawapoteza wenzake, akapotea porini siku kadhaa bila chakula wala maji, na farasi naye akamtoroka usiku. Alipookoka, alikuwa amekwisha kujua kwamba porini mtu haokolewi na ushujaa ikiwa hana kibuyu cha maji na kibiriti.

Mwaka 1872 alifika Bulawayo kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, akaomba ruhusa ya kuwinda ndovu. Mfalme alimtazama akacheka, maana aliona mtoto. Ruhusa akampa, kwa kuwa hakutazamia kwamba mtoto yule angeua hata ndovu mmoja. Kwa bunduki, Selous alinunua magobori makubwa ya kushindilia kwa mdomo, yale ya bei rahisi. Baruti aliichota kwa mkono kutoka mfuko wa ngozi. Kila alipofyatua, gobori lilimpiga bega kwa nguvu hata mara nyingine likamwangusha chini. Tena katika nchi ile kulikuwa na mbung'o, nao huua farasi. Wenzake wengi waliowinda juu ya farasi walilazimika kukaa mbali na maeneo hayo. Selous akavua suruali ndefu, akavaa kaptura na shati, akawafuata ndovu kwa miguu. Katika miaka mitatu aliua ndovu 78. Aliporudi kumwona Lobengula na pembe zake, mfalme hakucheka tena.

Leo tukisoma hesabu kama hiyo moyo huingia baridi. Lazima tukumbuke kwamba siku zile pembe za ndovu zilikuwa biashara kama karafuu au katani, na Selous alikuwa akitafuta riziki yake. Hata hivyo ndovu hawakujua tofauti. Kabla ya mwaka 1880 yeye mwenyewe aliona kwamba ndovu wa nchi ile wamekwisha, na waliobaki wamekimbilia penye mbung'o na misitu minene. Akaacha kutegemea pembe, akaanza kukusanya ngozi, mafuvu na vipepeo kwa ajili ya majumba ya makumbusho ya Ulaya. Mwaka 1881 alitoa kitabu chake cha kwanza, kikapendwa sana. Watu wengi husema kwamba Rider Haggard alimfikiria Selous alipomtunga yule mwindaji Allan Quatermain, ambaye wazazi wetu walimsoma shuleni katika Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kama ni kweli, basi wengi wetu tulimjua Selous bila kujua.

Kilichomtofautisha na wawindaji wengine ni kalamu yake. Kila jioni, hata akiwa amechoka namna gani, aliandika aliyoyaona mchana: mnyama gani, alikula nini, upepo ulitoka wapi, maji yako umbali gani. Alibishana na wataalamu wa Ulaya juu ya milia ya punda na rangi za simba, akawaeleza kwamba waliyoyaandika mezani hayakulingana na aliyoyaona porini. Wanafunzi wa elimu ya viumbe watanielewa nikisema kwamba daftari lake lilikuwa na thamani kuliko bunduki yake.

Mwaka 1888 alivuka mto Zambezi kwenda nchi ya Waila. Usiku kambi yake ikashambuliwa. Watu wake 12 waliuawa, mizigo yote ikapotea, naye akatoroka gizani peke yake. Alitembea wiki kadhaa kurudi kusini, akila alichokipata na kuomba hifadhi vijijini, na mara nyingine akinyimwa. Wale 12 hatuwajui kama tunavyomjua yeye. Katika vitabu vya wasafiri wa karne ile huwa ni vigumu kupata jina la mpagazi. Aghalabu hutajwa kwa idadi, kama vile mzigo.

Sasa nafika mahali ambapo siwezi kumsifu. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes ilipeleka jeshi la walowezi kuingia nchi ya Washona, ambayo leo ni Zimbabwe. Kiongozi wao wa njia alikuwa Selous. Kwa miaka karibu 20 alikuwa ametembea katika nchi ile kama mgeni, akilala katika vijiji vyao na kuonyeshwa njia na wenyeji. Na njia zile zile akazipasua kuwa barabara ya magari ya ng'ombe ya watu waliokuja kuchukua ardhi. Kazi yenyewe aliifanya kwa ustadi mkubwa, wala hapakupigwa risasi njiani. Lakini baada ya miaka mitatu vita vikaja, ufalme wa Lobengula ukaanguka, na Selous alikuwa upande wa Kampuni, akajeruhiwa. Mwaka 1896 wenyeji walipoinuka tena, alipigana tena dhidi yao. Kupanga safari ni elimu, na elimu hufuata yule anayeilipia. Mwaka 1893 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya dhahabu. Mwaka 1894 akaoa, akajenga nyumba kijijini Worplesdon, Uingereza, na kando yake akajenga jumba la kuwekea mikusanyo yake.

Huko Worplesdon ndiko barua za Theodore Roosevelt zilikomfikia. Roosevelt alikuwa Rais wa Marekani, naye alimpenda Selous kwa vitabu vyake. Hata kitabu cha Selous cha mwaka 1908 kina dibaji aliyoiandika Rais huyo. Urais wake ulikuwa unakwisha mwezi Machi 1909, naye akataka kwenda Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit. Si kwa kuwinda tu, bali pia kukusanya wanyama na mimea kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Akaomba ushauri kwa Selous na kwa Mwingereza mwingine aitwaye Edward North Buxton.

Hapo ndipo nataka wanachama wa Chama chetu wasome kwa makini, maana wao hudhani kupanga safari ni kukodi basi na kununua soda.

Jambo la kwanza lilikuwa majira. Jambo la pili ni mtu wa kuongoza. Rais huyu alikuwa hodari wa bunduki, lakini hakujua Kiswahili wala nchi. Kwa ushauri wa rafiki zake akamchukua R. J. Cuninghame, mwindaji mwenye ndevu nyingi aliyeijua Afrika Mashariki, na msaidizi wake Leslie Tarlton, ambaye kampuni yake mjini Nairobi ilikuwa ikiwatengenezea wageni safari: wapagazi, mahema, chakula, farasi na kila kitu. Jambo la tatu lilikuwa chumvi. Ngozi ya mnyama ikikaa bila chumvi katika joto huoza mara moja, na nywele zote zikatoka. Kwa hiyo Roosevelt alileta tani 4 za chumvi. Tani ya Kiingereza ni ratili 2,240, na mzigo wa mpagazi mmoja kwa desturi ulikuwa ratili 60. Gawanyeni wenyewe mtaona: chumvi peke yake ni karibu mizigo 150. Yeye aliongeza sanduku la vitabu kama 60, vyote vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho na mvua, na hiyo ni sehemu ya safari yake ninayoipenda kuliko zote.

Lakini hesabu iliyo kubwa kuliko ya chumvi ni hesabu ya posho. Safari ile ilikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Tuseme kila mpagazi anakula ratili moja na nusu ya unga kwa siku. Watu 200 watakula ratili 300, yaani mizigo 5 kila siku ya Mungu, hata siku ambayo kambi haikuhama. Kwa siku 40 mpagazi mmoja atakula ratili 60, yaani mzigo mzima anaoweza kuubeba. Maana yake ni kwamba mtu akiingia porini na chakula chake mwenyewe tu kichwani, baada ya siku 40 hana kitu, wala hajabeba hata kijiko cha bwana wake. Na kama itambidi arudi, basi asiende zaidi ya siku 20. Hakuna mtaalamu awezaye kuishinda hesabu hii. Huweza kuizunguka tu. Waliizunguka kwa kuwaongezea watu nyama ya mawindo, kwa kununua vyakula vijijini, kwa kuweka akiba karibu na reli, na mahali pasipo maji kwa kutumia magari ya ng'ombe. Msafiri asiyeielewa aliwaua watu wake kwa njaa, kisha akaandika katika kitabu kwamba wapagazi walikuwa wavivu au walitoroka.

Roosevelt aliondoka New York mwezi Machi 1909. Alipofika Naples, Italia, akapanda meli ya Kijerumani iitwayo Admiral, na Selous naye alikuwa abiria katika meli hiyo. Kwa siku nyingi za bahari mzee huyu wa miaka 57 alikaa sitahani akisimulia habari za simba, na Rais mstaafu akasikiliza kama mwanafunzi. Walishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909. Watu wengine hudhani kwamba Selous aliongoza safari ile. Sivyo. Baada ya kufika alikwenda kuwinda na watu wengine, akamwachia Cuninghame kazi. Fundi mzuri wa mipango huonekana kwa kuwa kazi yaendelea bila yeye.

Safari ile ilidumu karibu mwaka mmoja, kutoka nyanda za Kapiti na Athi hata Uganda, kisha kwa mto Nile mpaka Khartoum mwezi Machi 1910. Makumbusho yalipokea viumbe na mimea zaidi ya 11,000. Baba na mwana walipiga kwa bunduki wanyama 512, wakiwamo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Mimi naona kwamba 512 ni wengi mno, na hata wakati ule walikuwako waliosema hivyo. Lakini kutokana na kitabu alichoandika Roosevelt, neno letu la Kiswahili, safari, lilienea katika Kiingereza kwa maana ile ya kwenda kuwaona wanyama, hata leo mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hulitamka kana kwamba ni lake.

Miaka mitano haikupita toka Khartoum ila vita vikuu vya kwanza vilizuka. Selous alikuwa na umri wa miaka 62, akaomba kuingia jeshini. Wakubwa wakamkataa kwa uzee. Hakukubali, akaendelea kuomba hata mwaka 1915 akapokelewa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi cha watu wa ajabu ajabu: wawindaji, wasafiri na wazee wa porini. Wakashuka Mombasa mwezi Mei, na mwezi Juni 1915 wakaishambulia Bukoba kutoka ziwani. Vijana walianguka kwa homa na kuharisha, yeye akaendelea kwenda kwa miguu. Mwaka 1916 aliugua, akapelekwa Uingereza akapasuliwa, na badala ya kubaki nyumbani akarudi vitani mwisho wa mwaka ule ule.

Sasa turudi kwetu Msimbazi. Waingereza waliuchukua mji wa Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Huku magharibi mwa mji Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko kabla ya vita. Waingereza wakalifanya jengo hilo na uwanja wake kuwa kambi ya wapagazi wa jeshi, ambao kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wetu wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, wakapata Kariakoo. Nairobi nako wako Kariokor, kwa sababu ile ile. Kila siku kondakta anapoita Kariakoo kwenye kituo cha Msimbazi, anawaita watu wale bila kujua.

Walikuwa mamia ya maelfu, kutoka Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo na nchi yetu hii. Kenya ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwachukua kwa nguvu. Wajerumani nao waliwakamata watu upande wao, tena bila kuandika hesabu ya maana. Mizigo waliyobeba haikuwa mahema ya Rais wala vitabu vya ngozi. Ilikuwa risasi, mizinga iliyofunguliwa vipande, na unga. Na hesabu ile ya posho niliyowaonyesha haikubadilika kwa kuwa ni vita. Mpagazi akitumwa mwendo wa siku 10 toka relini hata mstari wa mbele na kurudi, katika siku 20 atakula ratili 30, yaani nusu ya mzigo wake. Akitumwa mwendo wa siku 20, mzigo wote umekwisha tumboni mwake, na askari huko mbele hapati kitu. Majenerali wakatatua jambo hili kwa kupunguza posho ya mbebaji. Magari ya moto yalikwama matopeni, ng'ombe na farasi wakafa kwa mbung'o, akabaki mtu. Watu waliozoea ndizi au wali walipewa unga wa mahindi, nao haukuiva kwa kukosa kuni na nafasi, wakaharisha damu. Waliotoka nchi za baridi walishikwa na malaria. Waliotoka pwani walipopandishwa milimani wakashikwa na kichomi. Ofisa mmoja, Oscar Watkins, aliyejua Kiswahili, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wapagazi hao. Alipigania kila mtu aandikwe jina, apewe blanketi na chakula kilichopikwa. Hakusikilizwa vya kutosha. Hesabu ya serikali yenyewe ilisema wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na waandishi wengi wa historia huona kwamba idadi ya kweli ni kubwa kupita hiyo. Risasi iliua wachache. Wengi waliuawa na tumbo na homa. Na mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia ndugu zao.

Najiuliza kama Selous aliliona jambo hili. Nadhani aliliona, maana hakuna mtu aliyejua zaidi yake mzigo mmoja unakwenda umbali gani. Lakini alikuwa nahodha wa kikosi, si jenerali.

Tarehe 1 Januari 1917 majeshi ya Waingereza yalianza kusonga kutoka mto Mgeta kuelekea Rufiji. Siku ya 4 Januari, karibu na Beho Beho, Selous aliongoza watu wake kupambana na jeshi la Wajerumani. Risasi ikampata, akafa pale pale. Siku nne kabla alikuwa ametimiza miaka 65. Wakamzika mahali hapo chini ya mkwaju. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 4 Januari, mwaka 1918, mwanawe aliyekuwa rubani wa ndege za vita akauawa Ulaya.

Mvua za mwaka 1917 zilikuwa kubwa mno. Nchi yote ya Rufiji ikawa ziwa, na ni katika majira hayo ambapo wapagazi walikufa kwa wingi wa kutisha. Makaburi yao hayakuwekwa alama. Mjini kwetu ile sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927 huwakumbuka pamoja na askari, katika maandishi yaliyo chini yake. Wengi hupita pale bila kuyasoma. Mwanafunzi wetu na aende akayasome, maana yako pia kwa Kiswahili.

Mwaka 1922 Waingereza waliyaunganisha mapori ya akiba yaliyoanzishwa na Wajerumani tangu mwaka 1896, wakayapa jina la Selous. Likapanuliwa baadaye, na katika miaka ya 1940 wakazi wa sehemu za Liwale walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mwaka 1982 pori hilo, lenye kilomita za mraba zipatazo 50,000, liliwekwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 1976 ndovu wake na wa nchi inayolizunguka walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Waliowaua hawakutumia gobori, wala hawakuomba ruhusa kwa mfalme yeyote. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya kaskazini ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo uwindaji hauruhusiwi, na sehemu ya kusini ikabaki Pori la Akiba la Selous. Kaburi liko katika hiyo Hifadhi ya Nyerere.

Kwa hiyo Chama kikienda kitaingia kwa njia ya Kibiti na Mloka mpaka lango la Mtemere, au kwa gari moshi la TAZARA hata Kisaki kisha kwa gari. Kati ya Mtemere na Beho Beho ni mwendo wa saa kadhaa kupita kandokando ya maziwa, na hapana duka wala kisima. Wanafunzi wamekwisha kuniletea orodha ya vitu, yenye redio, mpira na keki. Maji ya kunywa hayamo. Nimewarudishia waihesabu upya, lita kwa kila mtu kwa kila siku, na mbele ya kila mzigo waandike jina la atakayeubeba.